Upepo Uliorudishwa: Saba wa Mwaka 1960 na Saba wa Mwaka 1966 katika Sinema ya Marekani

1. Utangulizi

Msimulizi wa ngano za Kiswahili hufungua masimulizi yake kwa kuitana na wasikilizaji, na mwishoni hutamka wazi kwamba hadithi imekwisha. Kufunga huko si adabu ya baraza tu. Ni ahadi kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa yakielekea hapo: aliyekufa amekufa, aliyeoa ameoa, aliyekwenda zake amekwenda. Biashara ya sinema haifungwi na ahadi ya namna hiyo. Filamu iliyopendwa na watu wengi hugeuka kuwa mali, na mwenye mali huona vigumu kuiacha ikae bila kuzaa. Ndipo hutungwa filamu ya pili, inayowachukua wahusika wale wale kutoka mahali walipoachwa na kuwatia njiani upya.

Makala hii inachunguza mfano mmoja wa jambo hilo katika historia ya filamu za kauboi, nao ni The Magnificent Seven, iliyotolewa Marekani mwaka 1960, pamoja na mwendelezo wake, Return of the Seven, wa mwaka 1966. Wahakiki wengi wameiona filamu ya pili kuwa dhaifu kuliko ya kwanza. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba wachezaji mashuhuri hawakurudi. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi, kwani zipo filamu zilizobadili wachezaji bila kupoteza nguvu yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba filamu ya kwanza ilijengwa juu ya mapatano kati ya wakulima na watu wa bunduki, na ilifungwa kwa hukumu kwamba walioshinda ni wakulima. Filamu ya pili ilimrudisha mtu wa bunduki, lakini mkulima ikamwacha nyuma. Kwa kufanya hivyo iliondoa jiwe lililokuwa likibeba nyumba nzima.

2. Chimbuko la hadithi: kutoka Japani hadi Meksiko

Hadithi yenyewe haikuzaliwa Marekani. Mwaka 1954 mwongozaji wa Kijapani Akira Kurosawa alitoa filamu ndefu, yenye dakika zaidi ya 200, juu ya wanakijiji wa karne ya 16 waliochoka kunyang'anywa mavuno na majambazi. Wanakijiji hao wanawatafuta samurai wasio na bwana ili wawalinde. Ujira wanaoweza kuutoa ni chakula tu: wapiganaji watakula wali, na wenye shamba watakula nafaka duni. Samurai saba wanakubali. Vita vinapokwisha, wanne wamelala kaburini na watatu wamebaki. Wakulima wanapanda mpunga kwa nyimbo, na kiongozi wa samurai anakiri kwamba ushindi ni wa wakulima, wala si wao.

Kurosawa alikuwa akizipenda filamu za kauboi, hasa kazi za John Ford, na hakulificha jambo hilo. Kwa hiyo, hadithi yake ilipovuka bahari kwenda Marekani haikuwa mgeni kabisa katika nyumba ile. Mwongozaji John Sturges aliihamishia mpakani mwa Marekani na Meksiko, mnamo nusu ya pili ya karne ya 19. Samurai wakawa wapiga bastola, majambazi wa milimani wakawa kundi la Calvera, aliyechezwa na Eli Wallach, na mashamba ya mpunga yakawa mashamba ya mahindi. Kampuni ya ndugu Mirisch iliitayarisha filamu hiyo, na kampuni ya United Artists ikaitawanya. Picha zake zilipigwa nchini Meksiko, hasa katika sehemu za Cuernavaca, Tepoztlán na Durango.

Uchaguzi wa mahali hapo ulikuwa na matokeo makubwa kuliko inavyodhaniwa. Filamu nyingine ya Kimarekani, Vera Cruz, iliyopigwa Meksiko na kutolewa mwaka 1954, ilikuwa imewaudhi wenyeji kwa jinsi ilivyowaonyesha. Tangu hapo wakuu wa Meksiko waliwatazama kwa jicho kali wageni waliokuja na kamera. Wakaguzi waliifuatilia kazi ya Sturges kwa karibu. Walidai mavazi meupe ya wakulima yawe safi wakati wote, nao hawakuridhika na kuona Wameksiko wakikimbilia moja kwa moja kuwaomba Wamarekani wawapiganie. Hivyo, katika hadithi iliyotoka, wanakijiji hawaendi mpakani kutafuta watu. Wanakwenda kununua bunduki wapigane wenyewe. Ni baada ya kumkuta Chris, anayechezwa na Yul Brynner, ndipo wanapoambiwa kwamba wakati huo watu ni rahisi kuliko bunduki.

Usafi wa mavazi umechekwa mara nyingi, kwani hakuna mkulima anayelima juani akabaki mweupe kama aliyetoka kanisani. Lakini agizo la pili liliisaidia hadithi. Lilimfanya mkulima awe mtu mwenye shauri lake, ambaye safari yake ndiyo inayoanzisha mambo yote.

3. Mapatano ya dola 20

Wakulima watatu wanaofika mjini wanakusanya vitu vyote vya thamani vilivyomo kijijini. Hesabu inapofanywa, kila mpiganaji atapata dola 20. Fedha hiyo ni kidogo hata kwa wakati ule, na mmoja wa wapiganaji anasema kwamba haitoshi hata kununua risasi zake. Chris anaipokea kwa heshima, kwa sababu anaelewa kwamba aliyempa amempa kila kitu alicho nacho.

Tangu hapo filamu inamtambulisha kila mmoja wa wale saba kwa sababu iliyomfanya akubali ujira huo mdogo. Vin, anayechezwa na Steve McQueen, ameishiwa fedha kwa kamari. Harry Luck anaamini kwamba kuna dhahabu iliyofichwa, na kwamba Chris hataki kuitaja. Bernardo O'Reilly, anayechezwa na Charles Bronson, amekosa kazi hata anapasua kuni. Britt, anayechezwa na James Coburn, anataka kujipima ustadi wake. Lee, anayechezwa na Robert Vaughn, anakimbia adui zake na pia hofu yake mwenyewe. Chico, kijana anayechezwa na Horst Buchholz, anataka kuwa kama wao, naye anaficha kwamba amezaliwa katika nyumba ya wakulima. Mtazamaji anazijua sababu saba tofauti, na zote zinapimwa kwa kipimo kimoja, yaani dola 20.

Kutokana na kipimo hicho, kila tendo lina uzito. Mkulima Sotero anapoogopa na kumfungulia Calvera mlango wa kijiji, anavunja mapatano. Wapiganaji wanakamatwa, wananyang'anywa silaha, kisha wanasindikizwa nje na kurudishiwa bunduki zao. Calvera anadhani kwamba hakuna mwenye akili atakayerudi kuwapigania watu waliomsaliti. Wanaporudi, wanarudi bila mkataba wowote. Mkataba umekwisha kuvunjwa na upande wa pili, na kilichobaki ni deni ambalo kila mmoja amejiwekea mwenyewe. Calvera anakufa akiuliza kwa nini wamerudi, wala hapewi jibu. Swali lake linaeleweka kwa sababu mtazamaji ameuona mkataba ukifungwa na ameuona ukivunjwa.

Wakulima nao hawabaki kuwa watazamaji wa vita vyao. Katika pambano la mwisho wanatoka na mapanga, mashoka na hata viti. Bernardo, aliyewahi kuwakemea watoto wa kijiji kwa kuwaita baba zao waoga, anapigwa risasi akiwalinda watoto hao, na kabla ya kukata roho anawaonyesha baba zao wakipigana. Mtu wa bunduki anafia mikononi mwa watoto, na kabla ya kufa anamsifu mwenye jembe.

4. Neno la mzee

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwisho wa filamu ya mwaka 1960 unaweza kusomwa katikati ya methali hizo mbili. Wageni walikuja, na wenyeji wakapona. Kati ya wale saba wanne wamekufa. Mmoja kati ya watatu waliobaki, Chico, anageuza farasi wake, anavua mkanda wa bastola na kurudi kwa Petra, msichana wa kijijini. Anakunja mikono ya shati lake na kuanza kazi ya nyumba ile. Huyo ndiye mgeni aliyepewa jembe.

Wawili wengine, Chris na Vin, hawana jembe la kupewa. Mzee wa kijiji anawaambia kwamba wakulima ni kama ardhi, wanakaa daima, na kwamba wapiganaji ni kama upepo mkali unaosaidia kufukuza nzige na kupita zake. Chris anakubali kwamba mzee amesema kweli: wakulima wameshinda, na watu wa aina yake hushindwa sikuzote. Kisha wanaondoka.

Haya si maneno ya kupamba mwisho. Ni hukumu ya filamu nzima, nayo inatoka kwa Kurosawa bila kubadilishwa sana. Mtu wa bunduki ni wa lazima siku moja, na siku ya pili hana mahali. Kwa hiyo, yeyote atakayetaka kuandika filamu ya pili ana shida kabla hajaandika neno la kwanza. Lazima aurudishe upepo ambao mzee amekwisha kusema kwamba umepita.

5. Saba wa mwaka 1966

Filamu ya kwanza haikufanya biashara kubwa Marekani ilipotolewa, lakini ilipokelewa kwa furaha kubwa katika nchi za Ulaya. Wachezaji wake vijana walipanda haraka. Mwaka 1963 Sturges aliwatumia tena McQueen, Bronson na Coburn katika The Great Escape. Vaughn akawa mtu wa televisheni aliyejulikana kila nyumba kwa mfululizo wa The Man from U.N.C.L.E., ulioanza mwaka 1964. Kufikia mwaka 1966 kuwakusanya upya lilikuwa jambo zito, na wengi wao, katika hadithi, walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki hai walikuwa watatu, na kati ya wachezaji wa watatu hao alirudi Yul Brynner peke yake. Nafasi ya Vin ilichukuliwa na Robert Fuller, na ya Chico ikachukuliwa na Mhispania Julián Mateos. Sturges hakurudi. Uongozi ulikabidhiwa Burt Kennedy, na hati ya filamu ikaandikwa na Larry Cohen.

Hadithi ya pili inaanza kwa shambulio. Watu hamsini wenye bunduki wanaingia katika kijiji cha Meksiko na kuwachukua wanaume wote, Chico akiwa miongoni mwao. Aliyewatuma ni tajiri wa mifugo aitwaye Lorca. Wanawe wamekufa, naye anataka kanisa na mji vijengwe upya jangwani kuwa kumbukumbu yao, kwa kazi ya watumwa. Petra, ambaye sasa ni mke wa Chico, anakwenda kumtafuta Chris. Chris anampata Vin, kisha wanakusanya wengine, hata kuwatoa watu gerezani. Wanawafikia mateka, wanawafukuza walinzi, na Chico akijumlishwa idadi inatimia saba. Lorca anarudi na watu wengi zaidi. Baruti iliyogunduliwa inawasaidia wale saba, na Lorca anapouawa watu wake wanatawanyika. Wawili kati ya saba wamekufa. Chris na Vin wanaondoka tena juu ya farasi wao.

Kwa mukhtasari, hadithi hii ina kila kilichokuwamo katika ile ya kwanza: idadi ya saba, kijiji, adui mwenye jeshi, vita viwili na kuondoka. Hata hivyo, vitu vitatu havimo.

Kwanza, mapatano hayamo. Wakulima hawaketi kushauriana, wala hawakusanyi mali yao, wala hawamchagui mtu. Wametekwa. Anayekwenda kuomba msaada ni mke wa rafiki, na Chris anakubali kwa ajili ya urafiki. Urafiki ni jambo jema, lakini haumgharimu mtazamaji swali lolote. Kila mtu anaelewa kwa nini rafiki anamsaidia rafiki. Swali la Calvera, kwa nini mmerudi, halina mahali pa kuulizwa katika filamu hii.

Pili, kijiji hakimo. Wakulima wameondolewa mashambani na kupelekwa jangwani kubeba mawe. Ndani ya hadithi hiyo ndiyo dhuluma ya Lorca, lakini mtunzi naye amewatendea vivyo hivyo. Mkulima asiye na shamba hawezi kuwa kama ardhi. Na vita vinapoanza, mateka hao wameingiwa na hofu kiasi kwamba hawatoi msaada. Waliotoka na mapanga na viti mwaka 1960 sasa wamejikunyata, na silaha iliyoshika nafasi yao ni baruti.

Tatu, sababu za wale saba hazina kipimo cha pamoja. Yumo mfungwa asiyependa kusema, yumo jambazi mwenye jina, yumo mpenda wanawake, yumo kijana mpiganisha majogoo. Kila mmoja amepewa alama ya kumtambulisha, lakini alama hizo hazipimwi juu ya kitu kimoja kama zilivyopimwa juu ya dola 20. Ndiyo maana watazamaji wengi wanakumbuka majina ya saba wa kwanza, lakini wa pili huwakumbuka kwa shida. Filamu ina dakika 95 hivi, hali ile ya kwanza ilikuwa na dakika 128, na muda uliopunguzwa unaonekana kuwa ni ule ule uliokuwa wa kujuana kati ya wageni na wenyeji.

Kitu kimoja kilirudi kizima, nacho ni muziki. Elmer Bernstein aliutumia upya ule ule alioutunga mwaka 1960. Mwaka ule muziki wake ulikuwa umeteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Kwa filamu ya mwaka 1966 uliteuliwa tena, safari hii katika kundi la muziki uliorekebishwa kutokana na kazi iliyokuwapo. Katika miaka hiyo ya 1960 watu wengi waliusikia pia katika matangazo ya sigara za Marlboro. Muziki unaweza kurudiwa bila kudhurika, kwa sababu kurudiwa ni sehemu ya maumbile yake. Hukumu ya mwisho wa hadithi haina uwezo huo.

6. Kwa nini Hispania?

Filamu ya pili haikupigwa Meksiko. Ilipigwa Hispania, katika mkoa wa Alicante. Miaka hiyo Hispania ilikuwa imekuwa jangwa la kukodi la sinema ya dunia: jua lilikuwa jingi, gharama zilikuwa ndogo, na nchi yake kavu ilifanana na mpaka wa Marekani. Mhispania Fernando Rey alicheza kasisi, na Mmeksiko Emilio Fernández akacheza Lorca.

Kuwapo kwa Fernández kunastahili kuangaliwa. Huyu hakuwa mchezaji tu. Alikuwa mmoja wa waongozaji wakuu wa Meksiko, na filamu yake María Candelaria, ya mwaka 1943, juu ya maisha ya Wahindi wa nchi hiyo, ilikuwa kati ya zilizopewa tuzo kuu katika tamasha la Cannes la mwaka 1946. Mtu aliyewapa maskini wa mashambani nafasi ya mbele katika sinema ya nchi yake aliajiriwa mwaka 1966 kucheza mtesi wao. Tukikumbuka wakaguzi wa Meksiko wa mwaka 1960, picha inakamilika. Katika filamu ya kwanza palikuwa na mtu, nje ya hadithi, aliyeuliza kila siku jinsi mkulima anavyoonyeshwa. Kule Alicante serikali iliyokuwapo haikuwa ya wakulima wa Kimeksiko, na swali hilo halikuwa na mwenyewe. Haiwezi kusemwa kwamba wakaguzi ndio waliotunga hadithi nzuri. Linaloweza kusemwa ni kwamba madai yao, hata yale ya kuchekesha, yalimlinda mhusika ambaye watayarishaji hawakujua kwamba ndiye nguzo yao.

Hapa inafaa kujibu pingamizi moja. Je, udhaifu huu si hali ya kawaida ya kila filamu inayofuata nyingine? Jibu lilipatikana Hispania hiyo hiyo, katika miaka hiyo hiyo. Mwitalia Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars mwaka 1964, nayo pia ilitokana na Kurosawa, yaani filamu yake Yojimbo ya mwaka 1961. Akaifuatisha For a Few Dollars More mwaka 1965, na The Good, the Bad and the Ugly mwaka 1966. Katika hii ya tatu alimchukua Eli Wallach, yule yule Calvera wa mwaka 1960, akampa nafasi ya mwizi Tuco, ambaye watazamaji wengi wanampenda kuliko mashujaa. Filamu ya tatu ya Leone imekuwa na sifa kubwa kuliko ya kwanza. Tofauti iko wapi? Leone hakufungua mwisho uliokwisha kufungwa. Alichukua sura ya mtu na mavazi yake, lakini kila safari alianza hadithi mpya yenye swali jipya. Return of the Seven iliwachukua watu wale wale na majina yale yale, ikawatoa katika mwisho wao, kisha ikakosa swali la kuwauliza.

7. Jina la filamu na sikio la Kongo

Katika nchi zinazotumia Kifaransa filamu ya kwanza iliitwa Les Sept Mercenaires. Jina la Kiingereza linasifu fahari ya wale saba na kunyamazia kazi yao. Jina la Kifaransa linaitaja kazi yao bila kuwasifu. Nchini Kongo tofauti hiyo haikuwa jambo la wanaisimu peke yao. Mwaka 1960, mwaka wa filamu hiyo, ulikuwa mwaka wa uhuru, na pia mwaka ambao Katanga ilijitenga na kuanza kuajiri askari wa kizungu. Askari wa kukodiwa walitumiwa tena dhidi ya waasi wa Simba mwaka 1964. Mwezi Julai 1967 baadhi yao waliasi, na wakiongozwa na Jean Schramme walikalia Bukavu tangu Agosti hadi mwanzo wa Novemba, walipokimbilia Rwanda. Kwa wakazi wa Kisangani na Bukavu neno mercenaire halikuwa jina la filamu.

Kabla ya hapo kauboi alikwisha kuingia Kongo kwa njia ya starehe. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walioitwa Bills walijipa majina, mavazi na mwendo wa mashujaa wa filamu hizo, wakazua na lugha yao ya mitaani iliyoitwa Hindubill. Walichokichukua kutoka kitambaa cheupe cha sinema ni kofia na bastola, yaani kile ambacho filamu hizo huwafanya watu wakipende kwanza. Filamu yenye mzee wa kijiji anayesema kwamba upepo unapita na ardhi inabaki ilikuwa adimu wakati ule, na hata leo ni adimu.

Kiswahili kinalitafsiri neno mercenaire kwa neno mamluki. Maneno hayo mawili hayatazami upande mmoja. La Kifaransa linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya ujira. Mamluki limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu anayemilikiwa. Ni ndugu wa kitenzi miliki. Kifaransa kinauliza mtu huyu analipwa nini, na Kiswahili kinauliza mtu huyu ni wa nani. Filamu ya mwaka 1960 inapita katikati ya maswali hayo. Inaanza na ujira wa dola 20 na kuishia kwa watu ambao si mali ya yeyote, na kwa sababu hiyo hawana pa kukaa. Mwendelezo wake uliitwa kwa Kifaransa Le Retour des sept. Neno mercenaires limeanguka, na kwa hakika halikuhitajika tena, kwani hapakuwa na ujira wala aliyeajiri. Lilirejeshwa katika majina ya Kifaransa ya filamu ya tatu na ya nne, pengine kwa sababu za kibiashara tu.

8. Yaliyofuata

Filamu hizo mbili za mwisho zilizidi kupunguza kilichobaki. Katika Guns of the Magnificent Seven, ya mwaka 1969, Chris alichezwa na George Kennedy. Katika The Magnificent Seven Ride!, ya mwaka 1972, alichezwa na Lee Van Cleef. Jina la Chris lilikuwa limekuwa kofia ya kuvaliwa na yeyote. Yul Brynner mwenyewe alirudi tena katika mavazi meusi ya Chris, lakini nje ya mfululizo huo. Mwaka 1973, katika Westworld ya Michael Crichton, alicheza mashine yenye umbo la mpiga bastola, inayouawa kila siku ili kuwafurahisha wageni wanaolipa, kisha hutengenezwa usiku ili iuawe tena kesho. Hakuna mhakiki aliyeeleza waziwazi zaidi hatari ya kumrudisha shujaa kwa ajili ya mauzo.

Walipotaka kuifufua hadithi kwa kweli, watunzi hawakuendelea kutoka pale Kennedy alipoachia mwaka 1966. Walirudi mwanzo. Filamu ya Antoine Fuqua ya mwaka 2016, ambayo Denzel Washington ndiye kiongozi wa saba, inaanza tena na kijiji kilichodhulumiwa na mjane anayebeba mali ya wenzake kwenda kutafuta watu. Inaweza kupendwa au kutopendwa, lakini mtunzi wake alijua kwamba bila mapatano hakuna saba.

9. Hitimisho

Udhaifu wa Return of the Seven haukutokana na kukosekana kwa McQueen na Bronson peke yake, wala na jua la Hispania, wala na uhaba wa ustadi wa Burt Kennedy, aliyekuwa mjuzi wa filamu za kauboi. Ulitokana na kosa la kusoma. Watayarishaji waliisoma filamu yao wenyewe kana kwamba ni hadithi ya watu saba. Ilikuwa hadithi ya kijiji kilichopitiwa na watu saba. Waliobaki baada ya pambano, wenye makaburi manne ya kutunza na mahindi ya kuvuna, ndio waliokuwa na kesho ya kusimuliwa. Filamu ya pili ingeweza kuwauliza waliishije na mtu wa bunduki aliyegeuka mkulima kati yao, walimtazamaje Sotero aliyewasaliti, na watoto waliofiwa na Bernardo walikua wakiwa watu wa namna gani. Maswali hayo yote yalikuwa yameachwa wazi kijijini. Kamera iliwafuata wapanda farasi.

Kwa wanafunzi wa fasihi mfano huu una funzo la kiutendaji. Anayechunguza mwendelezo wa riwaya, tamthilia au filamu asianze kwa kuhesabu waliorudi. Aanze kwa kuuliza ni nani aliyekuwa upande wa pili wa mapatano katika kazi ya kwanza, na kama mtu huyo amepewa tena nafasi ya kusema. Katika nchi ambayo mara nyingi historia yake imeandikwa kwa majina ya watu waliopita na bunduki, swali hilo linawahusu pia wanaoandika historia.